Bima ya gari kwa kijana mwenye lena: ipi ukate kwanza, ipi uache

Bima ndogo, ile inayolipa madhara kwa wengine tu, kwa gari dogo la binafsi Tanzania Bara inaanzia shilingi 118,000 kwa mwaka: ada 100,000 na VAT 18,000. Mwenye gari awe na miaka 19 au 59, hesabu ni hiyo hiyo, kwa sababu kima cha chini kimewekwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kampuni hairuhusiwi kushuka chini yake. Kwa hiyo kuzunguka ofisi kumi ukitafuta bima ndogo ya bei poa ni kumaliza soli ya kiatu bure. Anayekutajia 60,000 anakuuzia karatasi.

Vijana wengi wanasoma mtandaoni ushauri wa Uingereza, ambako umri ndio unaopandisha bei na ambako mwanafunzi wa udereva anaweza kukata bima ya siku chache tu. Huku kwetu kijana hatozwi ujana wake dirishani anapolipia. Anatozwa siku ya kudai fidia. Mpangilio tunaoutoa hapa chini umezingatia hilo: bima iliyo rahisi kwako ni ile itakayolipa ukiwa na lena, yaani leseni ya kujifunzia, mfukoni, hata kama siyo yenye ada ndogo kuliko zote.

Vitu viwili ndani ya mkataba vinaamua, na vyote viwili viko kwenye kurasa ambazo watu hawafungui.

Cha kwanza ni kifungu cha dereva. Mikataba mingi ya magari binafsi husema bima inamhusu mwenye gari na mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi awe na leseni ya kuendesha gari la aina hiyo na hajafungiwa. Je, lena ni leseni kwa maana ya kifungu hicho? Kampuni nyingine hukubali, ila kwa masharti ya lena yenyewe: mwenye leseni kamili akae kiti cha pembeni, na vibao vya L viwepo mbele na nyuma. Nyingine zinataka leseni ya daraja D, ile kamili ya gari dogo, na si vinginevyo. Jibu la wakala kwa mdomo halina uzito. Mtumie swali kwa barua pepe au WhatsApp: "Dereva mwenye lena akiwa na mwenye leseni daraja D pembeni, akigonga, mnalipa?" Jibu lake lihifadhi.

Cha pili ni eksesi, yaani kile kiasi unachokatwa wewe kabla kampuni haijatoa hela yake. Kila mkataba wa bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe, unayo. Ila mingi ina eksesi ya pili juu ya ile ya kawaida, kwa dereva aliye chini ya umri fulani (21 au 25 ndiyo mipaka utakayoikuta sana) au ambaye leseni yake haijafikisha mwaka mmoja au miwili. Kijana aliyetoka lena mwezi uliopita anaangukia pote pawili.

Tufanye hesabu. Tuseme mkataba unasema eksesi ni asilimia 10 ya madai, isipungue 250,000, na dereva mchanga anaongezewa 200,000. Kijana anarudi nyuma kwenye maegesho, anakula nguzo: bampa la nyuma limepasuka, taa moja imekufa, kuna rangi ya kupiga. Fundi anasema 600,000. Asilimia 10 ni 60,000, lakini kiwango cha chini ni 250,000, ongeza 200,000 ya ujana, jumla 450,000. Kampuni inatoa 150,000. Fundi angesema 420,000, usingepata hata senti. Sasa chukua ajali kubwa ya 5,000,000: asilimia 10 ni 500,000, jumlisha 200,000, unakatwa 700,000 na unalipwa 4,300,000.

Ukiiangalia hesabu hiyo vizuri utaona kwamba makosa ya mwanafunzi, yaani saitimira, bampa, kukwaruza geti, karibu yote yanakaa ndani ya eksesi. Bima kubwa ni ya gari kuibwa, kuungua, kupinduka au kukutana na fuso uso kwa uso. Atakayeinunua ili imlipie mikwaruzo ya kujifunzia atarudi analalamika.

Nafasi ya kwanza: gari la shule ya udereva, bila kukata bima yako

Kwa miezi ya lena hili ndilo chaguo letu, na halina mpinzani wa karibu. Lena yenyewe ina uhai wa miezi mitatu. Bima ya mwaka mzima kwa ajili ya miezi mitatu ya kujifunza, kwenye gari ambalo huruhusiwi kuliendesha peke yako, ni hela iliyolala.

Gari la shule linatakiwa kuwa na bima iliyokatwa kwa matumizi ya kufundishia. Hilo siyo jambo dogo: bima ya kawaida ya gari binafsi kwa kawaida huondoa kabisa matumizi ya kufundisha kwa malipo. Shule yenye IST iliyokatiwa bima kama gari la nyumbani haina bima siku mwanafunzi anapogonga. Kabla ya kulipa ada ya mafunzo, piga picha namba ya gari, ingia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, ukurasa wa kuhakiki stika ya bima, andika namba. Utaona kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kisha uliza ofisini kwao bima imekatwa kwa matumizi gani. Wakianza kuzungukazunguka, tafuta shule nyingine.

Jirani mwenye gari anayekufundisha kwa 20,000 kila Jumapili yumo kwenye shimo hilo hilo. Akikufundisha bure ni hali nyingine. Akipokea hela, amefundisha kwa malipo.

Nafasi ya pili: gari la nyumbani lenye bima kubwa, kijana akiandikwa jina

Baba au mama ana gari lenye bima kubwa tayari. Mwandikieni barua kampuni au wakala mkitaja jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa, namba ya lena au leseni, na ombi la kumwingiza kama dereva. Mtakachodai kurudishiwa ni hati ya nyongeza ya mkataba yenye muhuri. "Tumepokea, haina shida" haitoshi. Mara nyingi gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kukata bima mpya, na mara nyingine ni hiyo eksesi ya ziada tu.

Ubaya wake ni mmoja. Kijana akigonga, madai yanaingia kwenye rekodi ya mzazi, na punguzo la kutodai, kwa kampuni inayolitoa, linaweza kupotea mwaka unaofuata. Mzee aambiwe mapema.

Kuna familia zinazofanya kinyume: gari ni la kijana, analiendesha kila siku kwenda chuo, lakini fomu inamtaja mzazi kama dereva pekee. Fomu ya maombi ya bima ndiyo msingi wa mkataba. Mkaguzi akija baada ya ajali akauliza walinzi wa getini nani huendesha gari hili, hadithi inaishia hapo.

Nafasi ya tatu: bima ndogo kwenye gari lako la bei ndogo

Umeshapata daraja D, una Vitz au Starlet ya miaka mingi, na ukiipoteza itauma lakini hutauza kiwanja. Kata bima ndogo. Inalipa madhara kwa wengine: mwenda kwa miguu, dereva wa bodaboda, gari uliloligonga kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Haigusi gari lako wala mguu wako uliovunjika. Ile hela uliyookoa kwa kutokukata bima kubwa iweke pembeni kama mfuko wa bampa na taa, maana utaihitaji.

Uliza vitu viwili tu: ukomo wa fidia ya mali ya mtu mwingine, na kama abiria wako wanahusika. Ada ni ile ile kila mahali, hivyo hapa ndipo kampuni zinapotofautiana, hapo na kwenye kasi ya kulipa. Mafundi wa gereji zinazotengeneza magari ya bima wanajua nani analipa ndani ya mwezi na nani anazungusha. Waulize wao kuliko wakala.

Nafasi ya nne: bima kubwa kwa jina lako

Kwa gari binafsi bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani. IST ya 14,000,000 inatoa ada ya 490,000, VAT 88,200, jumla 578,200. Tofauti na bima ndogo ni 460,200. Kwa gari la mkopo huna hiari, benki itadai bima kubwa. Kwa gari ambalo ndilo akiba yako yote, au linalolala barabarani, tungesema lipa tu. Kwa mengine yote rudi nafasi ya tatu.

Kosa linaloua thamani ya bima hii ni kushusha bei ya gari kwenye fomu. Gari la 14,000,000 linaandikwa 10,000,000. Umeokoa 140,000 ya ada na 25,200 ya VAT, jumla 165,200. Mkataba ukiwa na kifungu cha wastani, kinachopunguza fidia ya gari lililoandikwa chini ya thamani yake, matengenezo ya 3,500,000 yatalipwa kwa uwiano wa 10 kwa 14, yaani 2,500,000, na hapo eksesi bado haijakatwa. Umepoteza milioni moja kwa kuokoa laki na sitini. Kupandisha nako hakusaidii: gari likiibwa, kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile, si ndoto uliyoiandika.

Bima ya katikati, inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo, inafaa gari linalopendwa na wezi lakini ambalo matengenezo yake unayamudu. Si kila wakala ataitaja. Iulizie.

Kabla hujatoa hela

Jina kwenye kadi ya gari liwe la mtu anayekata bima. Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama: gari limenunuliwa kwa mtu, umiliki haujabadilishwa TRA, stika inatolewa bila kelele, na siku ya madai kampuni inataka kadi. Jina la muuzaji likisomeka, fidia inakwama au inatoka kwa jina lake. Badilisha umiliki kwanza, bima baadaye.

Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, siyo kwenye simu ya wakala. Bima haianzi kabla ada haijalipwa, na muamala uliokwenda kwa mtu binafsi hauthibitishi chochote. Stika ikitoka, ihakiki TIRA-MIS hapo hapo kabla hujaondoka kwenye kiti: namba ya gari, namba ya chasisi, aina ya bima, tarehe. Herufi moja iliyokosewa inarekebishwa leo kwa dakika tano. Baada ya ajali inageuka kesi. Kisha dai mkataba wenyewe, maana stika ni ushahidi tu kwamba mkataba upo.

Ukigonga ukiwa mgeni barabarani, usiseme "kosa langu, nitakulipa" mbele ya umati. Maelewano ya pembeni bila kampuni kujua yanaipa sababu ya kukataa. Piga picha magari yakiwa pale pale, namba zote mbili, barabara na alama za breki. Ita trafiki, pata ripoti ya polisi na ripoti ya ukaguzi wa gari. Aliyeumia apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ijulishe kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi. Usilipeleke gari kwa fundi wa mtaani kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona. Bampa likishanyooshwa, hakuna cha kukaguliwa.

Weka alamu ya simu wiki mbili kabla lena haijaisha. Stika ya gari iliyokatwa siku ulipopata lena itaendelea kusomeka hai kwa miezi tisa mingine, trafiki ataihakiki na kukuruhusu upite, lakini lena ikishakufa kifungu cha dereva hakikuhusu tena. Kampuni inaweza kumlipa uliyemuumiza kisha ikakugeukia wewe kudai hela yake.