Seti za kutengenezea mvinyo nyumbani: ipi ununue ukiwa Moshi au Arusha, na uilaze wapi hadi iive

Seti huja kwenye boksi lenye juisi ya zabibu, hamira na karatasi ya maelekezo. Boksi langu la kwanza lilikuwa la mvinyo mwekundu wa daraja la juu: lita 16 za juisi, na pembeni mfuko wa maganda ya zabibu. Lilinifikia Novemba. Nikauchachusha mjini Moshi, nikajaza chupa 30 katikati ya Januari, nikazipanga kwenye kabati la juu karibu na dari. Karatasi ya maelekezo ilisema zilazwe mwaka mzima. Kufika Machi vizibo vitatu vilikuwa vimejisukuma nje, na mvinyo una ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Shangazi yangu wa Kibosho, ambaye amepika mbege tangu ujana wake, alionja funda moja akaniuliza, "Mwanangu, hii uliiweka wapi?" Hakutaka kujua niliinunua kwa nani wala kwa shilingi ngapi.

Swali lake ndilo la kuanzia. Kabla hujatoa hela ya boksi lolote, nunua kipimajoto cha chumba, kiweke pale unapofikiria kulaza chupa, ukisome saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri kwa wiki moja. Mvinyo hupenda kulala kwenye nyuzi 10 hadi 15 na usibadilishiwe hali. Chini ya nyuzi 20 bado utaiva vizuri, ila haraka kidogo. Ukivuka 25 mwezi baada ya mwezi, unazeeka kabla ya kukomaa: rangi inaelekea kahawia na harufu ya tunda inapotea. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Desemba hadi Machi nyumba ya bati inawaka. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na Juni na Julai usiku watu wanalala na blanketi mbili. Kwa hiyo boksi lililomfaa rafiki yako wa Sakina, Arusha, si lazima likufae wewe wa Majengo, Moshi.

Sasa maji. Seti nyingi, ziwe kubwa au ndogo, hutoa lita 23 za mvinyo, yaani chupa 30 za mililita 750. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi cha juisi kilichomo. Boksi la lita 5 za juisi nzito utaliongezea lita 18 za maji. La lita 10, maji 13. La lita 16, maji 7 tu. Kadiri boksi linavyokuwa dogo, ndivyo unavyokunywa maji ya kwako zaidi. Vijiji vingi kuzunguka Mlima Meru vina maji yenye floraidi nyingi, na meno ya watu wa huko yanalionyesha hilo wazi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Kama kwenu maji ni ya kisima, tumia maji ya dukani yaliyosafishwa au ya mvua uliyoyakinga vizuri. Ya bomba yenye harufu ya klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku mzima, au yachemshe yapoe.

Tuje kwenye kupanga. Nimezipanga kwa mtu anayenunua mara ya kwanza na anayeishi mjini, Moshi au Arusha.

Ya kwanza: seti ya kati, lita 8 hadi 10 za juisi, mvinyo mweupe au mwekundu mwepesi

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Inakamilika kwa wiki sita hivi kutoka kumwaga hamira hadi kujaza chupa. Mweupe unanyweka vizuri baada ya miezi mitatu, mwekundu mwepesi baada ya sita, kwa hiyo hata chumba chako kikiwa na nyuzi 22 au 23 hujapoteza kitu kikubwa. Juisi ipo ya kutosha kuupa mvinyo mwili, yaani uzito mdomoni, na maji hayatawali ladha. Ukikosea hatua moja, hasara yake inavumilika. Kwa mweupe, chagua zabibu zenye ukali wa asili, yaani uchachu wa tunda, kama Sauvignon Blanc au Riesling. Joto letu linalainisha ladha, na ukali huo ndio unaobaki kuuchangamsha mvinyo.

Ya pili: vifaa bila boksi, matunda ya hapa nyumbani

Wengi hawaihesabu hii kuwa seti, mimi naihesabu. Nunua ndoo ya lita 30 ya kuwekea chakula, chupa kubwa ya kioo ya lita 23, kizibo cha maji kinachotoa hewa bila kuingiza, mpira wa kuhamishia, haidromita (kipimo cha sukari kwenye juisi), salfaiti (dawa ya kuhifadhi mvinyo), na pakiti chache za hamira ya mvinyo. Vyote vinadumu miaka. Kinachobaki ni tunda. Rozela inatoa mvinyo mwekundu mkali unaopendeza. Nanasi linachachuka kwa furaha. Ndizi zinahitaji subira ya kuchuja, na kwenye eneo lenye mbege na viwanda vya mvinyo wa ndizi, wa kukufundisha huwezi kumkosa. Mwenye gari na moyo anaweza kufuata zabibu Dodoma, kupitia Babati na Kondoa. Kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na aina ya Makutupora nyekundu imezoea jua la nchi hii. Andaa si chini ya kilo 30 kwa lita 23, na uziponde siku hiyohiyo zinapofika.

Sikuiweka ya kwanza kwa sababu moja. Juisi ya boksi imeshapimwa sukari na ukali. Tunda la sokoni linabadilika kila wiki, na ni wewe utakayelipima. Mtu aliyeanza na seti ya kati mara mbili anakuja huku akiwa na mikono iliyozoea.

Ya tatu: seti kubwa ya mvinyo mwekundu, lita 14 hadi 18, pamoja na maganda

Kwa ubora wa mvinyo ungekaa juu ya orodha. Nimeushusha kwa sababu ya mahali tunapoishi. Seti hii inachukua wiki nane kufika kwenye chupa, kisha inataka mwaka mmoja hadi miwili ya kulala. Ule ukakasi wa maganda unaokausha ulimi mwanzoni unahitaji muda ili chembechembe zake ziungane na kulainika. Ukiunywa mwezi wa tatu utadhani umeibiwa. Ukiulaza kwenye joto utapata yaliyonipata mimi.

Uko juu kwenye baridi, kama Ilboru, Ngaramtoni, Machame, Marangu, Kibosho? Una stoo ya ukuta mnene upande usiopigwa na jua la jioni? Basi kwako hii ndiyo ya kwanza, na maneno yangu ya juu yasikuzuie. Boksi langu la pili la aina hii nililipandisha kwa shangazi, kwenye stoo aliyokuwa akihifadhia kahawa. Kipimajoto kilisoma 17 Julai na 20 Februari. Tulifungua chupa baada ya miezi 14, na shangazi akaomba apelekewe na jirani yake.

Ya nne: boksi dogo la lita 5 za juisi nzito

Ni jepesi kubeba, na ndugu akitoka Nairobi au Uingereza halimjazi begi. Kwa hilo nalielewa. Baadhi yake hukutaka uongeze kilo kadhaa za sukari, na hapo ndipo mvinyo unapokosa mwili: kilevi kipo, ladha ni nyembamba. Ukilipata, tengeneza lita 18 badala ya 23, punguza sukari, na unywe ndani ya mwaka. Kulaza zaidi hakulisaidii.

Ya mwisho: seti za siku saba

Zinachachuka haraka kwa hamira kali na dawa za kuufanya mvinyo uwe mwangavu. Siku ya nane ni kweli una kinywaji. Sizinunui tena.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Tarehe ndiyo ya kwanza. Juisi nzito iliyofungwa hukaa vizuri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ikiwa mahali pa baridi, na mweupe huchoka mapema kuliko mwekundu. Sasa fikiria safari ya boksi letu: kontena bandarini, lori, ghala la bati, kisha dukani. Niliwahi kuuziwa boksi ambalo mfuko wake wa ndani umevimba kama mpira. Muuzaji akasema ni hewa ya kawaida. Juisi ilikuwa imeanza kuchachuka yenyewe. Omba kufunguliwa boksi. Mfuko uwe mlegevu, na juisi nyeupe isiwe na rangi ya chai.

Hamira iliyomo ndani imepita joto lilelile. Nunua pakiti ya ziada kivyake, aina ya EC-1118 inapatikana kwa wengi wanaoagiza na inavumilia mengi, na uiweke kwenye friji. Hamira ya maandazi iache jikoni. Inachoka mapema na haitulii chini vizuri.

Haidromita usikubali kuikosa, hata ikibidi uache kitu kingine. Siku ya kwanza inasoma, tuseme, 1.085, mwisho inasoma 0.995. Toa, zidisha kwa 131, unapata asilimia 12 hivi ya kilevi. Kazi yake kubwa zaidi ni kukuambia kama uchachukaji umeisha. Namba ikifika karibu na hiyo ya mwisho na isipobadilika siku tatu mfululizo, umeisha. Ukijaza chupa huku sukari ingali inaliwa, utaamshwa usiku na mlio wa kioo.

Bei uipige kwa chupa. Jumlisha boksi, usafiri, ushuru na vizibo, gawanya kwa 30, halafu simama mbele ya rafu ya mvinyo wa Dodoma ulinganishe. Na kama wazo lako ni kuuza, hiyo ni njia nyingine yenye leseni, TBS na stempu za TRA. Seti hizi ni za mezani kwako na kwa wageni wako.

Lini ununue

Agiza ili boksi lifike Mei, masika ikielekea kuisha. Hamira nyingi za seti hutaka nyuzi 20 hadi 25, na kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho kinaipa Moshi hali hiyo bila gharama. Arusha miezi hiyo utalazimika kuifunika ndoo kwa blanketi, maana usiku hamira inazubaa. Ukilazimika kuchachusha Januari mjini Moshi, isimamishe ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie kitenge kilicholowa, na badilisha maji asubuhi na jioni. Mahali popote utakapoiweka, iwe mbali na mikungu inayoivishwa. Wale inzi wadogo wa ndizi mbivu hubeba vijidudu vya siki, na mmoja aliyezama anatosha kuharibu ndoo nzima.

Kuulaza

Ukimaliza kuchachusha, uhamishe kwenye ile chupa kubwa ya kioo na uijaze hadi karibu na shingo. Dumu la plastiki linafaa kwa wiki chache. Kwa miezi linapitisha hewa pole pole. Koroga utoe gesi yote, kwa kuwa gesi iliyobaki ndiyo husukuma vizibo joto likipanda, na vile vyangu vitatu naamini vilitoka kwa hilo. Kama unakusudia kulaza zaidi ya miezi sita, ongeza robo kijiko cha chai cha metabisalfaiti ya potasiamu, ndiyo ile salfaiti, kwenye lita 23 kabla ya kujaza chupa. Usiizidishe kwa kukadiria kwa jicho; ikizidi inachoma pua, na wenye pumu huwa inawasumbua.

Chupa tupu utazipata kwenye mabaa na hoteli za watalii, hasa ukizoeana na mhudumu. Zisuuze siku hiyohiyo kabla mashapo hayajakauka, na usizioshe kwa dawa ya kung'arisha nguo: klorini ikikutana na kizibo cha gome inaweza kuzaa harufu ya uvungu wenye unyevu isiyotoka tena. Baada ya kugonga vizibo, zisimamishe siku tatu ndipo uzilaze ubavu. Zenye kifuniko cha kusokota zinaweza kusimama tu.

Mahali: uvungu wa kitanda kwenye chumba kisicho na jua la mchana ni bora kuliko kabati lolote la juu. Sakafu ya saruji ni rafiki. Weka chupa ndani ya maboksi ya karatasi ngumu ili mwanga usiingie, na ziwe mbali na friji, inayotoa joto na kutetemeka.

Wiki za kwanza baada ya kujaza, mvinyo huwa kimya, kana kwamba umesahau harufu yake. Usiuhukumu wakati huo. Mimi huandika kwa penseli juu ya kila boksi: mwezi wa 3, wa 6, wa 9, wa 12, na hufungua chupa moja tu kila tarehe ikifika. Mwekundu mwingine uliopo Kibosho sasa umefika mwezi wa tisa. Jumapili hii napanda na mkate na jibini, na shangazi ameshaniambia nije na bilauri zangu.