Uzoefu wangu wa kupima mishipa ya kichwa, Mbeya mpaka Dar

Wapendwa naandika hii maana najua kuna mtu Tukuyu au Mwanjelwa huko saa hii anameza panadol kila siku kama nilivyokuwa mimi. Kichwa kiliniuma upande wa kulia karibu miaka mitatu, siku moja nikadondoka dukani Mafiati natupa mikono na miguu, nazinduka watu wamejaa. Mama mkubwa akasema nimerushiwa kitu twende kwa mtaalamu, kaka akagoma, Mungu ambariki.

Hospitali ya kwanza nikapigwa CT scan (picha ya eksirei ya ndani ya kichwa) bila dawa ya kung'arisha mishipa, majibu "hamna kitu", nikarudi nyumbani. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo, hakuna aliyeniambia kwamba ile picha inaonesha vizuri damu ikishavuja ila mishipa mibovu ambayo haijapasuka inaweza isionekane kabisa. Miezi mitano nimekaa najua niko salama!

Daktari wa pili ndo akasema turudie na dawa ya kung'arisha mishipa. Wakapima figo kwanza, wakauliza aleji na pumu, wakaweka kanula (kamrija ka kupitishia dawa kwenye mshipa). Dawa ikiingia unapata joto mwili mzima, unahisi kabisa umejikojolea kumbe wala, usishtuke tulia hivyohivyo. Hapo mishipa mibovu ikaonekana. Kisha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, hii haina mionzi ila kelele zake ni kama mafundi wanagonga bati juu ya kichwa chako, na hereni, pini za nywele, kila chuma unavua. Daktari akanigeuzia kompyuta, nikaona vitu vyeusi vimejisokota kama minyoo, akasema ni mishipa, damu inakimbia humo mpaka mashine haiidaki ndo maana panakuwa peusi. Ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) imeingia kwenye veni (mshipa unaorudisha damu) moja kwa moja, vile vimishipa vyembamba vya katikati havipo. Nililia, lakini moyo ukawa mwepesi, kumbe ni ugonjwa na una jina, AVM, sijarogwa.

Dar nikafanyiwa anjiografia, kipimo cha picha ya mishipa ya damu, mrija mwembamba unapitia kwenye kinena mpaka shingoni, unabaki umelala mguu umenyooka masaa kadhaa. Ndo inaonesha damu inaingilia wapi na kutokea wapi, madaktari wakapanga tiba kwa hiyo.

Ukipewa majibu uliza, picha ilipigwa na dawa au bila dawa? Na beba CD za picha zote sio karatasi tu, yangu ya MRI ilibaki nyumbani Uyole ikabidi kaka aitume kwa basi.