Kununua Kiingereza Mwanza: kipi kianze, kipi kisubiri, kipi ukiache mezani kwa muuzaji

Ukishuka daladala katikati ya mji ukapita Makoroboi, utakuta vijitabu vya kujifunza Kiingereza kwa haraka vimetandazwa pamoja na soksi na chaja za simu. Ukiingia steshenari, kamusi nene ziko rafu ya juu zimefungwa nailoni. Barabarani kuna matangazo ya kozi za jioni yamebandikwa kwenye nguzo, na simu nayo imejaa programu zinazoahidi utatema ung'eng'e kabla mwezi haujaisha. Bidhaa ni nyingi, na wanunuzi nao hawafanani. Yupo binti aliyemaliza darasa la saba, anayesubiri kidato cha kwanza ambako karibu kila somo litageuka la Kiingereza. Yupo kijana wa kiwanda cha minofu ya sangara anayetaka kutoka kwenye meza ya kukatia aende udhibiti wa ubora, ambako kuna fomu za wanunuzi wa Ulaya. Yupo pia dereva anayepeleka wageni Serengeti kupitia lango la Ndabaka, ambaye maneno anayo mengi lakini sentensi zinamtoka zimepinda.

Nimeyapanga haya kwa ajili ya mtu anayejisomea mwenyewe, ambaye pesa yake inatosha kitu kimoja kwanza na kingine baadaye. Kipimo ni kimoja: nikikosea, kitu hiki kitaniambia nimekosea wapi?

Nafasi ya kwanza: kitabu cha sarufi chenye majibu nyuma

Hapa sina wasiwasi. Aliyeshika soko la vitabu hivi duniani ni Mwingereza Raymond Murphy, na vitabu vyake hujulikana kwa rangi. Chekundu, Essential Grammar in Use, ni cha wanaoanza. Cha buluu, English Grammar in Use, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, ni cha wenye msingi. Uzuri uko kwenye mpangilio: ukurasa wa kushoto unaeleza jambo moja, wa kulia unakupa mazoezi ya jambo hilohilo. Mtu aliyetoka zamu anaweza kumaliza kurasa mbili kabla usingizi haujamchukua.

Wengi hununua cha buluu kwa aibu tu. Mtu kamaliza kidato cha nne, ataonekanaje na kitabu cha wanaoanza? Nunua chekundu, kijaladie gazeti kama rangi inakukera. Makosa yanayotutambulisha wasemaji wa Kiswahili ni ya msingi, na chekundu kinayashughulikia kwa sentensi fupi. Kwetu hakuna "a" wala "the", kwa hiyo tunaziweka kwa kubahatisha. Kiambishi a- kinamtosha mwanamume na mwanamke, ndiyo maana dada wa watu huitwa "he" katikati ya maongezi na hakuna anayeshtuka isipokuwa mgeni. Halafu kuna hili: Kiswahili kinakuruhusu kusema "nimefika jana", Kiingereza hakikuruhusu. Ukishataja jana, inabidi iwe "I arrived yesterday". "I have arrived yesterday" ni kuchapia.

Hilo la jana ndilo kipimo cha kutumia dukani. Kitabu chochote unachouziwa, cha Murphy au cha mwingine, tafuta sura ya present perfect, ile njeo ya "I have arrived", uisome ukiwa umesimama pale pale. Kama kinakupa kanuni ya "have" na kitenzi tu, bila kukuambia kwamba njeo hiyo haikai na "yesterday" wala "last week", kirudishe. Mwandishi wake hakufikiria utakosea wapi.

Soma pia jalada la nyuma. Vitabu vingi vya sasa huandikwa ngazi, kuanzia A1 mpaka C2. Huo ni mfumo wa ngazi sita uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. A1 na A2 ni wanaoanza, B1 na B2 wanaojimudu, C1 na C2 waliobobea. Chekundu kinaanzia A1 na kuishia B1; cha buluu ni B1 na B2. Muuzaji akikuambia "hiki ni cha wote", amekuambia kwamba hakijui.

Sasa mtego. Vitabu hivi hutoka kwa namna mbili, chenye majibu na kisicho na majibu, na majalada yanakaribia kufanana. Kisicho na majibu kimetengenezwa kwa ajili ya darasa lenye mwalimu. Ukikinunua ujisomee nyumbani Igoma peke yako, utajaza mazoezi usijue umepata au umekosa, na kosa utakalolirudia kila siku litakuwa tabia. Tafuta maneno "with answers" kwenye jalada, kisha ufungue mwisho uhakikishe majibu yenyewe yapo.

Hiyo hatua ya pili si ushamba. Nakala za kudurufu zimejaa. Mtu wa Mwanza hanunui sato bila kumfunua mashavu, basi na kitabu akifunue. Kurasa za mwisho ndizo hubanduka kwanza gundi ikiwa mbovu, na ndizo zenye majibu na jedwali la vitenzi kama "go, went, gone". Pitisha kidole kwenye namba za kurasa katikati, uone kama hazijaruka. Angalia alama za matamshi: kwenye nakala mbovu hugeuka madoa meusi. Ukipata cha mtumba, swali la kwanza ni kama aliyekitangulia alijaza mazoezi. Penseli inafutika, kalamu ya wino imekwishakula kitabu. Toleo la zamani lisikutishe. Kinachochakaa ni mifano, utakuta mtu anatuma faksi au ananunua kaseti, lakini "I have arrived yesterday" lilikuwa kosa wakati huo na ni kosa leo.

Kama bado hujaamua, nenda Maktaba ya Mkoa kwanza, kaa na vitabu vya sarufi walivyonavyo, uone kipi unakielewa bila kusaidiwa. Sijui kwa nini watu wanaruka hatua hii wakati iko mjini kabisa.

Nafasi ya pili: kamusi ya wanaojifunza, na ikiwezekana usiinunue

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inaogopesha, lakini zile zilizoandikwa kwa ajili ya wageni wa lugha si ngumu kama zinavyoonekana kwa unene. Oxford Advanced Learner's Dictionary, iliyoanzishwa na A. S. Hornby na kutolewa na Oxford mwaka 1948, hueleza maana kwa kutumia maneno ya msingi yapatayo 3,000. Ile ya Longman, Dictionary of Contemporary English ya mwaka 1978, ilijibana zaidi: maneno yapatayo 2,000 tu. Ukiyamudu hayo, kamusi nzima inakufungukia.

Ipime kwa maneno matatu. "Depend": je, inakuonyesha kwamba hufuatwa na "on"? "Advice": je, ina alama ya kukuambia halihesabiki, usije ukaandika "advices" kwenye barua ya kazi? Na "discuss", ambalo vikaoni kwetu haliachwi bila "about" wakati haliitaki. Kamusi ndogo za mfukoni hufeli maneno yote matatu, kwa sababu hukupa neno kwa neno jingine na kukuacha hapo.

Sababu ya kusema usiinunue ni kwamba Oxford, Longman na Cambridge wote wana kamusi za wanaojifunza mtandaoni bila malipo, tena zenye sauti. Sauti hiyo kwa sisi tuliokulia Usukumani ni dawa. Anayechanganya r na l akiagizia wageni "rice" hotelini, likamtoka "lice", atakuwa amewaagizia chawa. Weka pesa ya kamusi kwenye bando.

Isipokuwa unamnunulia mwanafunzi wa bweni. Shuleni simu haziruhusiwi, na huko kamusi ya karatasi inalipa kila shilingi. Mnunulie yenye jalada gumu.

Nafasi ya tatu: programu za simu

Nyingi zina toleo la bure. Anza na hilo. Jiulize kipimo kilekile. Nyingi zikikukosoa hukuwekea rangi nyekundu na mlio wa huzuni, basi, sababu hupewi. Zinafaa kukumbusha maneno ya kila siku ukiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, hazifai kuwa mwalimu wako pekee. Kabla ya kulipia, soma kama malipo yanajirudia yenyewe kila mwezi.

BBC Learning English, huduma iliyoanza mwaka 1943 redioni, leo iko mtandaoni bure na ina vipindi vifupi vya kusikiliza. British Council nao wana LearnEnglish. Programu za akili mnemba nazo zimekuwa mwenza mzuri wa maongezi: unaandika barua yako, unaomba ikosolewe na ielezwe kwa Kiswahili. Maelezo yake husikika ya uhakika hata yanapokuwa si sahihi, kwa hiyo jambo la sarufi lipeleke kwenye kitabu chekundu. Angalia pia tahajia: programu nyingi huandika Kimarekani, "color", wakati shule zetu zimefuata Uingereza, "colour".

Nafasi ya nne: kozi ya jioni

Kozi nzuri ingekuwa ya kwanza, maana mwalimu aliye mbele yako ndiye anayeona kosa likizaliwa. Nimeishusha kwa bei, na kwa sababu nzuri na mbovu hutangazwa kwa karatasi ileile. Omba ukae kipindi kimoja kabla ya kulipa. Ukiwa ndani, usimsikilize mwalimu, wasikilize wanafunzi. Kama saa nzima imepita na waliofungua mdomo ni wawili, hilo ni darasa la kunakili ubaoni, na kunakili unaweza kufanya nyumbani. Uliza pia kama wanakupima kabla ya kukupangia darasa. Wanaowachanganya wa pre-form one na watu wazima wa kazini wanatafuta idadi tu.

Cheti kisikuvute. Chuo cha nje kikitaka uthibitisho wa Kiingereza, kitataka mtihani kama IELTS au TOEFL, ambao matokeo yake hutumika kwa miaka 2. Karatasi ya kozi ya jioni haiwi mbadala.

Nafasi ya tano: kamusi ya Kiingereza na Kiswahili

Nzuri kuwa nayo, ila haikosoi mtu. Ukiamua kununua, chukua zile za TUKI, taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo leo ni TATAKI: ya Kiingereza-Kiswahili ya mwaka 1996 na ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 2001. Ni kazi za watu waliokaa chini wakachambua lugha zote mbili.

Mkiani: vijitabu vya stendi

Bei yake ndiyo inayovuta. Ndani kuna salamu, siku za wiki, matunda, sehemu za mwili, na ukurasa wa "kwa daktari" ambao huwezi kuutumia kwa sababu jibu la daktari halimo. Vibaya zaidi ni vile vinavyoandika matamshi kwa herufi za Kiswahili, vikikufundisha kumalizia kila neno kwa irabu. Dereva wetu wa Ndabaka havimsaidii hata kidogo. Yeye maneno anayo. Mchuuzi akikubana dirishani Nyegezi basi likiwa linataka kuondoka, chagua chenye picha nyingi, ukampe mtoto wa darasa la pili.