Kifaa cha kuweka sifuri kwenye mashine ya CNC: kipi kinunuliwe kwanza

Fundi wa Dodoma anayechonga milango au vibao vya majina kwa mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, hujikuta akitafuta kifaa kipya cha kuweka sifuri, yaani cha kuionyesha mashine uso wa ubao ulipo, pale biti (kisu kinachozunguka) inapoingia ndani ya mninga kuliko ilivyopangwa. Kabla ya kutoa fedha, ni vyema achunguze kosa lenyewe. Biti ikigusa kifaa na mashine ikaendelea kushuka, mara nyingi umeme haupiti: koleti inayoshika biti ina vumbi, au klipu ya kifaa imebanwa kwenye mwili wa mota badala ya biti, ambako grisi ya beringi huweza kuzuia mguso. Mashine ikisimama kabla ya kugusa chochote, mara nyingi tatizo huwa ni waya wa kifaa kupita sambamba na waya wa mota na kudaka mawimbi yake.

Ninachokiweka mbele ya vyote ni kibao cha mguso cha kawaida, yaani kipande cha chuma chenye waya wake, pamoja na klipu yenye waya wake inayobanwa kwenye biti. Ni cha bei nafuu, hakina sehemu inayosogea ambayo vumbi la kiangazi chetu linaweza kuikwamisha, na fundi yeyote wa redio anaweza kukitengeneza. Chagua chenye uso wa chuma kitupu, kwa sababu uso wa alumini iliyopakwa rangi kwa njia ya anodi haupitishi umeme, na dai waya wenye ngao ya kuzuia mawimbi ya mota. Unene wake upime mwenyewe kwa vernia kalipa, usitegemee namba iliyochapwa: kosa la milimita 0.2 kwa biti ya V ya nyuzi 90 hupanua mstari wa herufi kwa milimita 0.4, tofauti ambayo mteja huiona akiwa amesimama mlangoni.

Kitufe cha kudumu kinachofungwa kwenye meza kinafuata, lakini kwa yule tu anayebadilisha biti katikati ya kazi, kwani hupima urefu wa biti, wala hakijui uso wa ubao ulipo. Nunua chenye swichi inayopitisha umeme muda wote hadi iguswe, ili waya ukikatika mashine itambue mapema, na kwenye GRBL, programu inayoendesha mashine nyingi ndogo za CNC, urekebishe mpangilio wa $6, unaogeuza ishara ya kifaa, uendane nacho.

Kipimo cha kugusa pande zote ni kizuri kwa kutafuta katikati ya tundu, ila ni ghali na sindano yake huvunjika kwa amri moja iliyokosewa. Anayechonga mbao bapa hakihitaji.

Karatasi ya A4, yenye unene wa takribani milimita 0.1, haihitaji kununuliwa, nayo hufaa kuhakiki kifaa kipya ikipitishwa chini ya biti.

Dukani, omba multimita ya kupimia umeme na uiweke kwenye mlio, shika waya karibu na klipu na uuchezeshe huku ncha moja ya multimita ikiwa kwenye klipu na nyingine kwenye mwisho wa pili wa waya huo huo, kisha fanya vivyo hivyo kwa waya wa kibao. Mlio ukikatika hata mara moja, kirudishe hicho kibao.