Nimekopeshwa bila kuomba: uzoefu wangu na kampuni ya vifurushi, Dar

Nianze na haki yao, mtu asije akasema nimewaonea. Mzigo ulitoka Leicester ukafika Dar ndani ya siku nne, labda tano, na boksi halikuwa limebonyea hata kona. Kwa hilo sina neno. Baada ya hapo sina jema la kusema, au ninalo moja, nitalisema nikishapoa.

Mzigo wenyewe ni vitabu vitatu vya hesabu, vya mtumba, vya enzi zile mzee wangu alipokuwa anafundisha kidato cha tano na sita. Mpwa wangu alivikuta kwenye duka la vitu vikuukuu huko Uingereza, akavinunua pauni 9 vyote. Nauli ndiyo iliyouma, mara nne ya bei ya vitabu. Lakini mzee alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho na hakuwa na hamu ya kitu kingine chochote duniani, nikasema na iwe.

Ikaja meseji: lipia Sh 123,637, na usipolipa mapema utaanza kuhesabiwa gharama ya stoo. Nilidhani wamekosea sifuri. Nilipoomba mchanganuo wakanitumia: kodi Sh 70,537, halafu "ada ya kushughulikia" Sh 45,000, ukiweka VAT inakuwa Sh 53,100.

Hapa kwenye kodi nieleze kidogo, maana wengi huwa tunalipa huku tumefumba macho. Forodha haipigi hesabu kwenye bei ya kitu peke yake. Kwangu zilichukuliwa bei, nauli na bima, ndipo ushuru ukapigwa, kisha VAT ya asilimia 18 ikapigwa juu ya hiyo jumla pamoja na ushuru wenyewe. Ndiyo maana vitabu vya pauni 9 viligeuka kuwa mzigo wa maana. Kwa hilo sikugombana nao. Ila vitabu vilivyochapishwa ushuru wake katika Afrika Mashariki ni asilimia sifuri, na VAT vimesamehewa. Mimi nilikuwa nimepigiwa ushuru wa asilimia 25! Kumbe kwenye kadhia, yaani hati ya kutangaza mzigo forodhani, mtu wao ameandika "vifaa vya kuandikia". Mpwa wangu aliandika "vitabu vya hesabu, vilivyotumika, 3". Sijui huyo mtu alisoma nini.

Nikatoka Kimara asubuhi, mwendokasi, halafu daladala ya Gongo la Mboto, hadi ofisi yao huko njia ya uwanja wa ndege. Ilikuwa karibu na Pasaka na jua lake mnalijua.

Dirishani yuko binti mmoja, hedifoni sikio la kushoto. Mimi ni rika la mama yake. Shikamoo hakuna, karibu hakuna.

"Namba ya mzigo?"

Nikampa. Nikamweleza habari ya vitabu, polepole kabisa, na karatasi zangu mkononi. Akaniambia kodi niende nikaulize TRA, mamlaka ya mapato, wao hawahusiki. Sawa, nikasema, na hii elfu hamsini na tatu nayo ni ya TRA?

"Hiyo ni ya sisi kukulipia kodi, mama. Kampuni imetanguliza hela yake."

"Nani aliwatuma? Mngenipa kontro namba, ile ya kulipia serikalini, ningelipa mwenyewe kwa simu."

"Mfumo hauruhusu."

Jamani, hili neno mfumo! Kila aliyeshindwa kujieleza siku hizi anajificha nyuma yake. Sasa wakati ananionyesha ile kadhia ili aniondoe dirishani, nikaona nyuma yake imebanwa karatasi ya malipo, na kontro namba hiyo hapo, inaanza na 99. Nikaiingiza kwenye programu ya benki hapo hapo nimesimama. Ikaleta deni: jina la kampuni yao, Sh 70,537, bado halijalipwa.

Nikamgeuzia simu. "Mdogo wangu, mmenikopesha nini?"

Akaangalia, akanyamaza, halafu akatoa jibu ambalo nitakufa nalo: "Sasa wewe unabishana na mfumo?"

Nyuma yangu kulikuwa na kaka mmoja aliyekuja kuchukua spea ya gari. Akacheka, akasema, "Mama, kamatia hapo hapo." Kumbe na yeye kapigwa ada ileile, elfu hamsini na tatu na mia, na mzigo wake ni mkubwa mara kumi ya wangu. Ndipo nikaelewa hesabu yao inavyokwenda. Ada ni asilimia fulani ya kodi waliyokutangulizia, au kima cha chini, kilicho kikubwa ndicho unacholipa. Sisi wa vimizigo vidogo tunagonga kima cha chini kila mara. Mwenye kontena la maana hata hasikii.

Nilipaza sauti. Sijivunii, lakini nilipaza. Akatoka ndani mzee mmoja, shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Hili ndilo jema langu. Akanikaribisha kiti, akaagiza boksi lifunguliwe mbele yangu, akachukua kitabu cha juu, akafunua, akatulia. "Hiki," akasema, "tulikisoma Tabora." Akakaa nacho kama dakika mbili, mimi nimenyamaza. Halafu akasema kadhia itarekebishwa, nirudi kesho kutwa. Na kweli, kesho kutwa kodi ilisoma sifuri. Siku ile ningeombwa kuwapa alama ningewapa zote, na soda ningewanunulia.

Nikaenda dirishani kuchukua mzigo wangu. Ada: Sh 53,100.

Ya nini tena? Ya kutanguliza kodi. Kodi ipi? Kimya. Asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri, na walichagua mtu wa kumdanganya vibaya, maana hesabu nimefundishwa na huyo huyo anayesubiri vitabu. Wakasema kima cha chini kipo palepale kwa sababu "kazi tumeshafanya". Kazi gani? Ya kukosea, kisha ya kufuta kosa lenu? Na juu yake walikuwa wameongeza stoo ya siku mbili, zile zile walizotumia kujirekebisha! Ile ya stoo waliifuta haraka, nadhani hata wao waliona aibu. Ada wakaishusha hadi Sh 25,000, na VAT yake ikawa Sh 29,500. Yule mzee siku hiyo hakuwepo. Nimejiuliza sana kama wangethubutu angekuwepo. Au labda ndiye aliyeipanga hivyo, sijui, sitaki kuamini.

Nililipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke. Nilikuwa nimeshakula nauli ya safari mbili na baba ananipigia kila baada ya saa moja. Lakini nilidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mara mashine haina mtandao, mara karatasi imeisha. Nikakaa kwenye benchi nikawaambia nina siku nzima. Ikatoka. Imeandikwa "kulipia kodi kwa niaba ya mteja". Nimeitunza.

Malalamiko nimeyapeleka kwao kwa maandishi, maana TCRA, wasimamizi wa mawasiliano na vifurushi, nao watataka kuona umeanza na kampuni. Nimepewa namba, naambiwa linafanyiwa kazi. Kama na wewe una kesi kama yangu, dai nakala ya kadhia kabla hujatoa hata shilingi, soma walichoandika kuwa ndani ya mzigo wako, na ile kontro namba ijaribu kwenye simu yako. Anayekutumia naye aulize kule kule anakolipia nauli: kodi ya huku analipa nani, na ada ni kiasi gani?

Je, ningewatumia tena? Kwa kasi yao, kama ni dawa au pasipoti, labda. Kwa vitabu, hapana. Au kama yule mzee angekaa yeye dirishani.

Baba amemaliza cha kwanza. Anasolvu maswali usiku kwa tochi ya simu, macho yenyewe ndiyo hayo. Bei hajaniuliza na sitamwambia. Juzi ameniambia kile cha tatu kina juzuu ya pili. Mpwa wangu ameshaipata, na nimemwambia akae nayo hadi atakapopatikana mtu anayekuja likizo.