Wiki tatu za kupanga gia: tathmini ya chuo cha udereva mjini Tanga

Kwa muda wa wiki tatu, kwa saa moja kila asubuhi isipokuwa Jumapili, nilikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha udereva kilichopo Ngamiani, hapa mjini Tanga, nikijifunza kuendesha gari la gia za mkono. Chuo chenyewe sikitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nilikwisha kumweleza mwenyewe ana kwa ana, naye alinisikiliza kwa uungwana. Ada niliyolipa ilikuwa shilingi 220,000, zikiwemo siku mbili za alama za barabarani ambazo hazina la ajabu. Kwa upande wa kupanga gia, yaani kutoka ya chini kwenda ya juu, chuo kile kinafundisha vizuri kuliko nilivyotarajia; kwa upande wa kuzipangua, kinamwacha mwanafunzi njiani.

Gari la mafunzo ni Corolla kuukuu ya petroli, yenye gia tano za mbele na rivasi, na pedeli za ziada za klachi na breki upande wa mwalimu. Namba zilizochorwa kwenye kirungu cha gia zimefutika kwa viganja vya wanafunzi wa miaka mingi, na wala hakuna mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini. Mwanzoni nililiona hilo kuwa ni upungufu. Baadaye nilielewa kwamba ndilo lililomfaa mwalimu wangu, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye siku ya nne tu alivua kofia yake ya viua na kuifunika juu ya mshale wa mwendo ili nisiuone.

Wenzangu kadhaa walikuwa wamekuja na hesabu walizoandikiwa na ndugu zao: gia ya kwanza hadi kilomita 15 au 20 kwa saa, ya pili hadi 35, ya tatu hadi 50, ya nne hadi 70, na kuendelea. Mzee hakuzikataa hesabu hizo, maana kwa gari dogo lisilo na mzigo kwenye barabara tambarare hazina makosa makubwa. Alichokataa ni kuzitegemea. "Mwanangu," aliniambia, "gari likibeba watu watano na gunia la mchele, hizo namba zako zitakuwa za gari lingine. Sikiliza injini, itakwambia yenyewe."

Ili nisikilize, alinifanyisha makosa makusudi. Tulikuwa Raskazone, kwenye barabara pana na tulivu zilizo karibu na bahari, akaniagiza nitie gia ya tatu ilhali gari linakwenda taratibu mno, kisha nikanyage mafuta. Gari lilitetemeka kama lenye homa, funguo zikagongana kwenye swichi, na injini ikatoa mngurumo mzito usiozaa mwendo. Akaniacha nipite hivyo mwendo wa nyumba tatu hivi. Kisha akanirudisha ya pili na kunikataza kupandisha, mpaka injini ikalia kwa sauti nyembamba iliyowafanya mafundi wa baiskeli kando ya barabara wageuze shingo. Kati ya mngurumo ule na kilio kile, alisema, ndipo ilipo sauti ya kubadilisha, na tukaitafuta asubuhi nzima. Kwa wenye magari yaliyo na mshale wa mizunguko, sauti hiyo kwa injini nyingi za petroli, katika mwendo wa kawaida, huwa karibu na mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Injini ya dizeli hubadilishwa mapema zaidi, kwa kuwa nguvu zake hutoka injini ikiwa bado inazunguka polepole.

Sababu ya yote haya alinieleza kwa maneno machache, nami nayaongezea kidogo. Katika magari mengi madogo gia ya kwanza huifanya injini izunguke zaidi ya mara tatu kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye giaboksi, ndiyo maana ina nguvu ya kuling'oa gari mahali lilipo lakini haina mwendo. Gia ya tano hufanya kinyume chake: ina mwendo, lakini injini ikizunguka polepole haiwezi kuusukuma mzigo. Anayewahi kupandisha huilemea injini, na anayechelewa huchoma mafuta bure.

Somo la mkono nalo lilikuwa zuri. Kwa kuwa usukani wetu upo kulia, gia huguswa kwa mkono wa kushoto, na mzee alifundisha kwamba kirungu hakishikwi kwa ngumi bali huelekezwa kwa kiganja. Kutoka ya pili kwenda ya tatu unakiachia kidogo kirudi katikati chenyewe, ndipo unakisukuma mbele. Kutoka ya tano kwenda ya nne usikisukume kushoto kwa nguvu, kwani utajikuta kwenye ya pili, na ukiachia klachi hapo ukiwa kwenye mwendo mkali injini itapiga kelele ya kuogofya na magurudumu yanaweza kuteleza. Mazoezi ya gia ya kwanza na ya pili tuliyafanya kwenye zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, ambako kila njia panda hutoa baiskeli, bajaji na mtoto aliyetumwa chapati. Mguu wangu wa kushoto uliuma siku tatu. Mzee aliulinda kwa ukali usipumzike juu ya klachi, kwani mguu unaoegemea pale huila plate, yaani sahani ya klachi, kidogo kidogo bila dereva kujua.

Sasa kasoro. Mji wetu ni tambarare, na katika wiki zote tatu sikupanda mlima wowote unaostahili kuitwa mlima. Kupangua gia nilifundishwa kama jambo la kusimamia tu: breki, klachi, nyutro (yaani bila gia yoyote), basi. Isitoshe, siku mbili ambazo mzee hakuwepo nilipewa mwalimu kijana aliyetuambia kwamba kwenye mteremko tutie nyutro ili kuokoa mafuta. Ushauri huo ni wa hatari, na hata hiyo akiba yenyewe haipo, kwani injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa. Ukiwa kwenye nyutro, injini huendelea kunywa ili isizime, nawe umebaki na breki peke yake.

Nililipia upungufu huo majuma mawili baada ya kupata leseni, nilipompeleka mjomba wangu Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda na kujipinda, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye kona ya tatu au ya nne niliingia na gia ya nne, nikasubiri injini inung'unike kama nilivyozoea, nikachelewa, na gari likazima katikati ya kona huku Coaster ikipiga honi nyuma yangu. "Mpwa wangu," alisema mjomba akiwa ameshikilia breki ya mkono, "hapa gia unaipangua kabla ya kona, si ndani yake." Masikio yanatosha wakati wa kupandisha, lakini kwa kona, mlima au kulipita lori, gia huchaguliwa kwa macho, mapema, kabla injini haijalalamika. Wakati wa kurudi alinishurutisha kushuka kwa gia ileile ambayo ningeipandia, ya pili kwa sehemu kubwa, ili injini ilizuie gari na breki zisichemke.

Nilipomweleza mwenye chuo, alijibu kwamba mafuta ni ghali na wanafunzi wengi wanataka leseni tu. Jibu la kwanza nalielewa, la pili silikubali. Muheza haiko mbali, na kutoka pale ardhi huanza kuinuka kuelekea Amani. Asubuhi moja ingetosha, nami ningelipa nyongeza bila kunung'unika.

Anayetaka kujiunga aombe saa za asubuhi kwa yule mzee, na aulize ni gari lipi atakalopewa. Lile la pili, la jioni, klachi yake ilikuwa inashikia juu kabisa kwa sababu plate imelika, na aliyeizoea atazima kila gari jingine atakalokalia. Mwenye chuo aliahidi kulitengeneza. Nilipopita wiki iliyopita lilikuwa limeinuliwa uani, na giaboksi imeshushwa juu ya gunia.