Pondo zangu mbili za mti: uzoefu wa miaka mitatu kwenye boti ya mferejini

Huu ni mwaka wa tatu naishi kwenye boti huku Uingereza, katika mfereji wa Grand Union, ule unaotoka London hadi Birmingham, kilomita 220 hivi. Wenzangu wanaotamani maisha haya huniuliza bei ya dizeli, jiko la kuni, choo kinamwagwa wapi. Upondo, mti wa kusukumia boti, hawaulizi. Mimi nasema wazi kwamba katika vyote nilivyonunua tangu nihamie humu, sijafurahia kitu kama pondo mbili za mti nilizotengenezewa na fundi, mmoja mrefu na mmoja mfupi wenye kulabu.

Kwa asiyezijua boti hizi: upana wake haufiki futi 7, maana malango ya maji, yale ya kupandisha na kushusha boti, katika mifereji mingi ya karne ya 18 yalijengwa hivyo, na boti ikizidi hapo haipiti. Yangu ina urefu wa futi 57, chuma kitupu, tani 17 hivi. Sina gati la kudumu, kwa hiyo sheria inanitaka nihame kila baada ya siku 14. Ina maana nafunga boti popote, mara nyingi kwenye ukingo wa majani tu. Na mfereji unadanganya macho. Ukiutazama unauona mpana, kumbe kina kiko katikati. Pembeni ni tope, matawi, na baiskeli zilizotupwa usiku. Upepo ukikuvuta kando, injini peke yake haikutoi.

Boti nilipoinunua nilikwenda duka la vifaa, nikachukua upondo wa alumini, ule unaorefuka kwa kuvutwa kama antena ya redio, kichwa chake plastiki. Mwepesi, hauchukui nafasi, bei pauni 30 na kitu. Niliupenda miezi minne. Siku moja ya upepo, tezi, nyuma ya boti, imegusa tope, nikauegemea kusukuma. Kile kiungo cha kuzungusha kikaachia, bomba likaingia ndani ya bomba jingine, likabana nyama ya kiganja changu katikati. Nilikwenda na mikono mbele mpaka kifua kikagota kwenye reli ya paa. Kovu lipo hadi leo chini ya kidole gumba. Kichwa cha plastiki nacho kilipasuka majira ya baridi, kwa kugusa barafu tu.

Kiangazi kilichofuata nikapitia Braunston, ambako kila mwaka hukusanyika boti za kazi za zamani, zilizokuwa zikibeba makaa ya mawe na nafaka. Watu walikuwa wanapiga picha maua na makasri yaliyochorwa milangoni. Macho yangu yalikuwa juu ya mapaa. Kila boti ina mti mrefu, mti mfupi na ubao wa kushukia, vimelazwa sambamba, na mti mfupi umepakwa rangi za kuzunguka kama nyoka aliyejiviringa: nyekundu, nyeupe, kijani. Nilisimama pale nikajihisi nimerudi nyumbani. Nimekulia Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, ambako mtoto anashika upondo kabla hajashika kasia.

Mwenye boti moja akanielekeza kwa fundi anayefanyia kazi kwenye banda lake kando ya mfereji. Nililipa pauni 85 kwa mfupi na 140 kwa mrefu, nikasubiri wiki tano. Kwa pesa hiyo ningenunua sita au saba za alumini. Nasema bila kusita kwamba thamani yake naiona.

Mfupi ni futi 7, mti wa ash, uleule Waingereza wanaotengenezea mipini ya shoka na nyundo kwa sababu unameza mshtuko bila kuvunjika. Fundi alinionyesha kabla ya kuuchonga: nyuzi za mti zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, hakuna fundo hata moja. Aliniambia kupata ash nzuri si kazi ndogo siku hizi, maana ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Uingereza mwaka 2012 unaiua miti hiyo kwa wingi. Kichwa ni chuma cha mhunzi: ncha butu mbele, kulabu imepinda pembeni, na shingo yake ni kama kikombe kirefu kinachovaa mti. Msumari umepitishwa upande hadi upande na kupondwa kichwa. Ukipapasa maungio kwa kucha, kucha haipati pa kuingia. Hapo ndipo unapomjua fundi, maana maji yakiingia humo mti unaoza ndani na wewe unaona rangi nzuri tu nje.

Mrefu ni futi 14, aina ya msonobari, umenyooka na si mzito kama unavyoonekana. Huu si wa kuvutia kitu, ni wa kusukuma. Sehemu ya kushika haikupakwa vanishi, na mimi ndiye niliyeomba hivyo, kwa kuwa vanishi iliyolowa inateleza mkononi. Naupaka mafuta ya kitani mara mbili kwa mwaka. Kwetu vyombo hupakwa sifa, mafuta ya samaki, na harufu yake inakaa nguoni mwezi mzima. Haya ya kitani jirani zangu wanayavumilia.

Tofauti nyingine na kwetu: upondo wa mkandaa mbichi ukiuangusha unazama. Hizi zinaelea. Ule mfupi uliwahi kunitoka mkononi jioni, na zile rangi ndizo zilizonionyesha ulipo kwenye maji ya rangi ya chai.

Sasa niwaambie usiku ulionifanya niandike haya. Novemba iliyopita nilikuwa nimefunga karibu na Cosgrove. Saa tisa usiku nikaamka nimebanwa ukutani, vikombe vimeshuka kabatini. Boti imelala upande. Kuna mtu alipita jioni akaacha milango midogo ya maji wazi kwenye lango la chini, na maji yakaondoka usiku kucha. Kwetu tungesema nimepwelewa, ila huku hakuna kujaa wala kupwa. Ukisubiri maji yarudi yenyewe, utasubiri na yanazidi kushuka.

Nikalegeza kamba zote mbili. Nikachukua ule mrefu nikaenda tezini. Nasisitiza tezini, maana propela iko huko. Ukiitoa omo, yaani mbele, kwanza, unaizidisha propela kuingia topeni. Nikaukita upondo chini, pembeni ya boti, ukazama kwenye tope laini kiasi cha mkono, kisha ukagonga kitu kigumu. Ule ni udongo wa mfinyanzi waliokandia chini ya mifereji tangu enzi za James Brindley, mhandisi wa mifereji wa karne ya 18, ili maji yasivuje. Ukifika hapo, unao ukuta wa kuegemea. Nikaweka mti pembeni ya bega, si kifuani wala tumboni, maana tani 17 zikirudi nyuma hazikuulizi. Nikasukuma polepole, nikipumua. Chuma cha ncha ya upondo hakikucheza. Mti ulipinda kidogo katikati, nikausikia unakusanya nguvu, halafu boti ikatoa sauti ya kunyonya kama mguu unaotoka matopeni. Ikasogea.

Na upondo ukanata.

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Boti inaondoka, mti umebaki, na mkono hautaki kuachia kitu ulichokilipia pauni 140. Nilimsikia mjomba wangu kana kwamba amesimama nyuma yangu: "We! Achia upondo, mwanangu, achia!" Alinifokea hivyo nikiwa na miaka tisa, kwenye mtumbwi, na sikuachia, nikabaki nikining'inia kwenye mti katikati ya mto. Usiku ule niliachia. Mti ukabaki wima majini. Nikawasha injini, nikarudi nyuma taratibu hadi kwenye kina, nikafunga boti ng'ambo. Asubuhi, watu wa mfereji walipoyarudisha maji, nikaufuata nikaung'oa kwa kuuzungusha. Haukuwa na hata ufa.

Kasoro zipo. Mrefu unahitaji paa refu. Mwenye boti ya futi 30 ataona tabu kuulaza bila kuchomoza, na upondo unaochomoza omo utanasa kwenye ukuta wa lango la maji. Rangi za ule mfupi zinabanduka karibu na chuma, kila masika napiga msasa na kupaka upya. Kulabu inapata kutu nisipoifuta. Na kama boti huendeshi ila siku mbili tatu za likizo, huyu fundi si wako, chukua mti wa kawaida wa dukani. Wa mti lakini. Ule wa kurefuka sitampa hata mtu nisiyempenda.

Jingine kwa mnaoanza: upondo si breki. Boti ikielekea ukutani iache igonge, ni chuma ile. Usijaribu kuizuia kwa mti, na vidole vyako vibaki ndani.

Wiki iliyopita nimemwagiza fundi yuleyule upondo mwingine, futi 9, wa kukaa omo kwa ajili ya binti yangu ambaye sasa ananisaidia malangoni. Fundi amenipigia kusema ash aliyo nayo bado ina unyevu, nisubiri hadi Machi. Nitasubiri.